Taa Zilizochelewa Kuzimwa: Miaka 70 ya Duka la Vitabu la City Lights, San Francisco, 1953–2023

Mwaka 1953 Mmarekani aliyetaka kitabu cha bei nafuu hakwenda duka la vitabu. Alikwenda duka la dawa au stendi ya mabasi, akazungusha rafu ya waya iliyojaa riwaya za mapenzi na za wapelelezi, akalipa senti zake, akaenda zake. Duka la vitabu lenyewe lilikuwa mahali pengine kabisa. Vitabu vya jalada gumu, mlango unaofungwa saa kumi na moja jioni, mwisho wa wiki hakuna kazi, na muuzaji anayekuja kusimama ubavuni mwako kuuliza unahitaji nini kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Kiti cha mteja hakikuwepo. Hivyo ndivyo Lawrence Ferlinghetti, mshairi na mmoja wa waanzilishi wa City Lights, alivyoyakumbuka maduka ya zama hizo alipoulizwa kwa nini aliingia katika biashara hii. Alilalamikia bei, saa, muuzaji na kiti, na ukiyajua hayo manne umeijua City Lights.

Juni 2023 duka hilo la San Francisco, jimboni California, lilitimiza miaka 70. Kumbukumbu hii inafuata njia lililopita, ila inakaa zaidi kwenye miaka minne ya mwanzo. Huko ndiko usomaji wa jioni moja ulikozaa kitabu, kitabu kikazaa kesi, na kesi ikalipa duka jina linalolibeba hadi leo.

Mia tano kwa mia tano (1953–1955)

Wazo la kwanza halikuwa la Ferlinghetti. Lilikuwa la Peter D. Martin, mwalimu wa sosholojia katika chuo cha San Francisco State. Martin alikuwa mtoto wa Carlo Tresca, mhariri Mwitaliano mwenye siasa za kupinga dola, aliyeuawa kwa risasi New York mwaka 1943. Tangu 1952 Martin alikuwa akitoa jarida dogo la fasihi na sinema. Alilipa jina la filamu ya Charlie Chaplin ya 1931, City Lights, yaani taa za mji. Ndani yake alichapisha makala za mwanzo kabisa za Pauline Kael, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wahakiki wakubwa wa filamu nchini Marekani, pamoja na tafsiri za mashairi ya Mfaransa Jacques Prévert zilizoletwa na mtu aliyejisaini Lawrence Ferling.

Majarida ya namna hiyo hufa kwa kodi ya nyumba. Martin akapiga hesabu yake: chini kuwe na duka la vitabu vya jalada laini peke yake, mauzo yake yalipe kodi ya chumba cha jarida ghorofani. Hakukuwa na duka la aina hiyo popote Marekani. Wakati huohuo mchapishaji mmoja wa New York alikuwa ameanza kutoa vitabu vya fikra na fasihi nzito kwa jalada laini, kwa hiyo bidhaa ilikuwa njiani kuja. Kilichokosekana ni rafu ya kuiweka.

Siku moja Martin alikuwa nje akipachika kibao cha duka, mtu aliyekuwa akitoka kwenye studio yake ya uchoraji akasimama kumuuliza anafanya nini. Walipotajiana majina, ikawa ndiye yule mfasiri wa Prévert. Kila mmoja akatoa dola 500, wakapeana mikono, na Juni 1953 mlango ukafunguliwa katika namba 261 ya barabara ya Columbus.

Ferlinghetti alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliiona Nagasaki wiki chache baada ya bomu la atomiki, na tangu siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na hamu tena na vita vya aina yoyote. Baada ya vita alisomea shahada ya uzamivu Paris, katika chuo cha Sorbonne. Huko aliyazoea maduka ambayo mtu huingia, akakaa, akasoma, na hakuna anayemfukuza. Rafiki yake wa enzi hizo, George Whitman, alifungua lake Paris mwaka 1951, lile ambalo tangu 1964 linaitwa Shakespeare and Company. Maduka hayo mawili yamejihesabu kuwa ndugu mpaka leo.

Jengo la barabara ya Columbus lilisimamishwa mwaka 1907, mwaka mmoja baada ya tetemeko na moto vilivyouteketeza mji. Limebanwa kwenye kona kali hata umbo lake ni la pembetatu. Upande mmoja ni North Beach, mtaa wa Waitaliano. Upande wa pili, hatua chache, unaanza mtaa wa Wachina. Duka la kwanza lilichukua kipande kidogo tu cha jengo hilo. Kadiri lilivyopanuka likateremka mpaka chumba cha chini ya ardhi, ambako kundi fulani la dini lilikuwa likikutana zamani na kuacha maneno ya Maandiko yamepakwa rangi ukutani. Hakuna aliyeyafuta. Anayeshuka leo kutafuta kitabu cha historia au siasa huyakuta palepale.

Wateja wa mwanzo hawakuwa wanafunzi wala mabohemi peke yao. Ferlinghetti alipenda kusimulia jinsi wazoa taka wa Kiitaliano walivyosimamisha gari lao mbele ya duka, wakaruka chini kununua magazeti ya kupinga dola yaliyoandikwa kwa lugha yao, kisha wakaendelea na mzunguko. Duka liliwawekea. Bei ya chini iliwaleta watu wasiotarajiwa, na saa nazo ziliwafaa, kwa kuwa tangu mapema duka lilizoea kubaki wazi hadi usiku wa manane, siku saba kwa wiki. Watu wa mwambao wangelielewa upesi, maana lilikuwa baraza, ila baraza lenye rafu.

Mtu wa tatu katika hadithi hii hutajwa haraka mno. Shigeyoshi Murao, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Seattle, alikuwa miongoni mwa maelfu ya watu wa asili yake waliofungiwa kambini na serikali yao wenyewe wakati wa vita. Alianza kazi kaunta mwaka huohuo wa kwanza, na wiki za mwanzo alifanya bila mshahara. Akapanda kuwa meneja, kisha mbia. Ferlinghetti alikuwa na mashairi yake, safari zake na uchoraji wake. Aliyekaa dukani usiku, akijua nani anapenda nini na nani hana pesa leo, ni Murao.

Mwaka 1955 Martin aliuza sehemu yake kwa dola 1,000 na kurudi New York, akaenda kufungua duka lake huko. Jarida lilikuwa limeshakufa. Duka lililoanzishwa kulilisha jarida likabaki peke yake, na Ferlinghetti akawa na jambo jingine kichwani.

Jioni ya Fillmore (1955–1956)

Jambo hilo lilikuwa kuchapisha. Alikuwa ameona Ufaransa mashairi yakiuzwa katika vitabu vidogo vya mfululizo ambavyo mtu wa kawaida aliweza kuvinunua, akaona hakuna sababu California ishindwe. Agosti 1955 kikatoka kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Pocket Poets, mashairi ya mfukoni, na mshairi wa kwanza alikuwa mwenye duka: *Pictures of the Gone World*, nakala 500. Majalada yalibandikwa kwa mkono, yeye na marafiki wakiwa wamezunguka meza na gundi. Ukubwa wake ulikuwa wa kuingia mfuko wa nyuma wa suruali. Cha pili kilikuwa tafsiri za mashairi ya Kihispania za Kenneth Rexroth, cha tatu cha Kenneth Patchen. Wote walikuwa watu wa palepale, mwendo wa miguu au wa basi kutoka dukani.

Cha nne ndicho kilichobadili mambo, na kilianza kama sauti kabla hakijawa karatasi.

Jambo moja husahauliwa na wengi wanaoizungumzia City Lights: jioni iliyolipa jina haikufanyika dukani. Isingeweza. Duka lilikuwa dogo kiasi kwamba watu 20 wakisimama, wa 21 anasoma akiwa barabarani. Usomaji wa Oktoba 7, 1955 ulifanyika Six Gallery, katika namba 3119 ya mtaa wa Fillmore, ukumbi wa wasanii uliokuwa gereji ya magari kabla ya hapo. Rexroth ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Wasomaji walikuwa watano: Philip Lamantia, Michael McClure, Philip Whalen, Allen Ginsberg na Gary Snyder. Lamantia hakusoma mashairi yake mwenyewe hata moja. Alisoma ya rafiki yake aliyefariki, John Hoffman. Jack Kerouac, ambaye wakati huo riwaya yake kubwa ilikuwa bado haijatoka, alikataa kusoma. Alipita kwa watu akikusanya pesa, akaenda kununua mitungi ya mvinyo, akaizungusha ukumbini huku akishangilia kwa sauti kama yuko kwenye muziki wa jazi.

Hakuna kati ya wale watano aliyekuwa na jina kubwa usiku ule. Tangazo lilikuwa kadi ya posta. Kiingilio hakikuwepo. Ginsberg, akiwa na miaka 29, alisimama akasoma kwa mara ya kwanza hadharani sehemu ya shairi refu aliloliita *Howl*, mlio wa uchungu juu ya kizazi chake na juu ya nchi iliyowageuza watu wake bora kuwa wagonjwa. Alianza kwa sauti ya chini. Kadiri mistari ilivyorefuka pumzi ilirefuka nayo, mpaka mwisho watu wakawa wanaitikia, na wengine wanalia.

Ferlinghetti alikuwa kwenye hadhira. Masimulizi yanayorudiwa hadi leo yanasema kwamba alirudi nyumbani akampelekea Ginsberg simu ya maandishi, akampongeza kwa mwanzo mkubwa na kumuuliza muswada utafika lini. Iwe simu ile iliandikwa au haikuandikwa, muswada ulifika. William Carlos Williams, mshairi mkongwe aliyekuwa pia daktari, akauandikia utangulizi. Kikapelekwa kupigwa chapa Uingereza kwa sababu bei ilikuwa ndogo kule, na kikatoka mwishoni mwa 1956: jalada jeusi na jeupe, namba 4, bei senti 75.

Kama ningelazimishwa kutaja tendo moja lililoifanya City Lights kuwa taasisi, nisingetaja kufungua duka. Ningetaja uamuzi huo wa kutoiacha jioni ile iishie jioni ile. Miji mingi ina jioni nzuri za kusoma. Watu hupiga makofi, huvaa makoti yao, na asubuhi hakuna kilichobaki. Hapa mwenye duka alisikia, na mwaka mmoja baadaye aliyekosa nafasi ukumbini aliweza kuisoma kwa senti 75.

Forodha, polisi, mahakama (1957)

Kupiga chapa ng'ambo kuliokoa pesa, lakini kulifungua mlango mwingine. Machi 25, 1957 maofisa wa forodha wa San Francisco walikamata nakala 520 za chapa ya pili zilipokuwa zikiingia bandarini, kwa madai kwamba ni chafu, hazifai watoto. Ferlinghetti hakuwa amekaa bure. Kabla hata ya hapo alikuwa ameuonyesha muswada kwa chama cha kutetea haki za raia, ACLU, nao walikuwa wameahidi kusimama naye. Sasa akafanya ujanja wa kibiashara: akapiga chapa nyingine ndani ya Marekani, mahali ambapo forodha haina mamlaka. Mwanasheria wa serikali kuu alikataa kuliendesha shauri hilo, na Mei forodha ikaziachia zile nakala.

Ikaja zamu ya polisi wa mji. Maofisa wa kitengo cha watoto wakaingia dukani wakiwa na nguo za kiraia, wakanunua kitabu, wakaondoka. Waliporudi walikuwa na hati ya kukamata. Aliyekuwa kaunta ni Murao, akapelekwa kituoni na kuchukuliwa alama za vidole. Ferlinghetti hakuwepo mjini, naye akajisalimisha baadaye. Mtu ambaye serikali ilishamfungia kambini akiwa kijana alikamatwa mara ya pili, safari hii kwa kuuza mashairi. Ginsberg mwenyewe alikuwa ng'ambo muda wote huo.

Kesi ilisikilizwa bila baraza la wazee wa mahakama, mbele ya hakimu Clayton Horn. Waliofuatilia walikuwa na wasiwasi naye. Horn alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani, na muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amewaadhibu wanawake walioiba dukani kwa kuwaamuru wakatazame filamu ya *Amri Kumi* kisha waandike insha kuhusu walichojifunza. Utetezi uliongozwa na Jake Ehrlich, wakili maarufu wa jinai wa mji huo, pamoja na mawakili wa ACLU, Lawrence Speiser na Albert Bendich. Walileta mashahidi tisa wenye ujuzi wa fasihi: maprofesa, wahakiki wa magazeti, waandishi, Rexroth akiwa mmoja wao. Mwendesha mashtaka alimtaka profesa Mark Schorer aeleze kila mstari unamaanisha nini kwa lugha ya kawaida. Schorer akamjibu kwamba shairi haligeuzwi kuwa nathari. Ndiyo maana likawa shairi.

Shtaka la Murao lilianguka mapema, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba alijua kilichomo ndani ya kitabu. Akabaki Ferlinghetti peke yake. Oktoba 3, 1957 Horn akatoa hukumu: maandishi yenye thamani yoyote kwa jamii hayawezi kuitwa uchafu kwa sababu ya maneno yaliyomo, na mwandishi hapaswi kulazimishwa kusema kwa maneno laini yaliyochaguliwa na wengine. Mwenye duka akaachiwa huru.

Hukumu ile haikuwa na nguvu ya mahakama ya juu, lakini mawakili waliitegemea katika mashauri yaliyofuata, miaka ambayo vitabu vilivyofungiwa kwa muda mrefu Marekani vilianza kuuzwa waziwazi. Kwa duka, matokeo yalionekana kaunta. Polisi walitaka kitabu kisisomwe. Magazeti yakakitangaza bure majira yote ya kiangazi. Mpaka leo nakala zilizouzwa zimepita milioni moja.

Kaunta ya Murao (1957–1976)

Miaka iliyofuata inasimuliwa sana kwa picha: Desemba 1965, Bob Dylan na Ginsberg na McClure wamesimama kwenye kichochoro cha ubavuni mwa duka. Picha ni nzuri. Kazi ya kila siku ilikuwa nyingine. Waandishi wasio na makazi ya kudumu walitumia duka kama sanduku lao la barua. Kulikuwa na rafu ya bahasha, na ubao wa kubandika ujumbe, nani anatafuta chumba, nani anakwenda New York na gari lina nafasi moja. Vijana waliokuja na basi kutoka majimbo ya mbali walianzia hapo. Vitabu viliibwa pia, na si vichache. Murao hakuwa na desturi ya kuita polisi, na baada ya 1957 nani angemlaumu.

Kwa kuwa duka halikuwa na nafasi, jioni za kusoma ziliendelea kuazima kuta za wengine. Mwaka 1957 Rexroth na Ferlinghetti walianza kusoma mashairi pamoja na wanamuziki wa jazi katika klabu ya The Cellar, hapohapo North Beach. Kilichosomwa nje kilirudi dukani kama kitabu. Bob Kaufman, mshairi Mweusi ambaye mitaa ya North Beach ilimsikia akighani mezani na barabarani, alichapishwa na City Lights kwa karatasi moja moja mwaka 1959, kisha kitabu kizima mwaka 1967. Gregory Corso alitoka 1958, Frank O'Hara wa New York 1964.

Wanawake walikuwa wachache kuliko ilivyostahili. Marie Ponsot na Denise Levertov walitoka mapema, namba 5 na 6, halafu majina ya wanaume yakajipanga kwa muda mrefu. Diane di Prima, aliyekuwa akiandika tangu miaka ya 1950, aliingia kwenye mfululizo mwaka 1971 akiwa namba 27. Maadhimisho yanayolificha jambo hilo hayamtendei haki msomaji.

Katikati ya miaka ya 1970 Murao alipatwa na kiharusi, na mwaka 1976 akaondoka. Hakurudi. Alifariki 1999.

Watunza hesabu na wanunuzi (1971–1999)

Nancy Peters alikuja mwaka 1971 kutoka Maktaba ya Bunge, Washington, akiwa mkutubi. Duka halikuwa likiendeshwa kwa vitabu vya hesabu vinavyoeleweka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikaribia kuanguka. Ferlinghetti alijua kuchagua vitabu. Kudai madeni na kupanga malipo kulimchosha. Peters ndiye aliyelibeba jukumu hilo. Mwaka 1984 akawa mbia, akashika upande wa uchapishaji na wa duka kwa pamoja, na orodha ya vitabu ikapanuka kutoka mashairi hadi siasa, historia na tafsiri kutoka lugha nyingi.

Mwenzake katika kazi hiyo, Paul Yamazaki, aliajiriwa 1970. Alitokea kwenye mgomo mkubwa wa wanafunzi wa San Francisco State, uliompeleka jela kwa muda. Alianza kwa kufungua maboksi. Kisha akawa mnunuzi mkuu, na akakaa dukani kwa zaidi ya miaka 50. Msomaji hamwoni mnunuzi, lakini kila kitu alichokikuta kwenye rafu ni uamuzi wake. Wachapishaji huleta katalogi za vitabu maelfu kwa msimu. Mnunuzi hukaa na penseli akaamua kipi kije nakala moja, kipi kumi, kipi kisije kabisa hata kama kinauzwa kila mahali. Maduka makubwa ya matawi yalipoenea miaka ya 1990 na kununua kwa bei za jumla ambazo duka dogo haliwezi kuzipata, City Lights haikushindana nayo kwa bei. Ilishindana kwa penseli hiyo.

Mwaka 1988 mji ulikubali pendekezo la Ferlinghetti la kuipa mitaa 12 majina ya waandishi na wasanii walioishi humo. Kichochoro cha ubavuni mwa duka kikawa Jack Kerouac Alley. Mwaka 1999 likaja jambo lisilosherehekewa vya kutosha: Ferlinghetti na Peters walinunua jengo. Kodi za San Francisco zilikuwa zinapaa kwa pesa za kompyuta, na maduka huru ya vitabu yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mwenye nyumba wa kupandisha kodi.

Mwaka | Hatua
1952 | Jarida la City Lights laanza kutoka
1953 | Duka lafunguliwa, Juni
1955 | Martin aondoka; Pocket Poets namba 1; usomaji wa Six Gallery, Oktoba 7
1956 | *Howl and Other Poems* chachapishwa
1957 | Nakala 520 zakamatwa, Machi 25. Hukumu ya Horn, Oktoba 3
1970 | Paul Yamazaki aajiriwa
1971 | Nancy Peters ajiunga
1984 | Peters awa mbia
1988 | Jack Kerouac Alley chapewa jina
1999 | Jengo lanunuliwa
2001 | Latangazwa alama rasmi ya kihistoria ya mji
2007 | Elaine Katzenberger ashika ukurugenzi. Kichochoro chazinduliwa upya
2020 | Lafungwa kwa janga la korona, wasomaji walichangia
2021 | Ferlinghetti afariki, Februari 22
2023 | Miaka 70, Yamazaki atunukiwa

Chumba cha juu (2001–2023)

Kwa kawaida mji hulinda jengo kwa sababu ya usanifu wake. Mwaka 2001 halmashauri ya San Francisco ililiweka City Lights katika orodha ya alama zake za kihistoria, na sababu zilizotajwa zilikuwa jengo pamoja na yaliyotendeka ndani yake. Elaine Katzenberger, aliyekuwa dukani tangu miaka ya 1980, alichukua nafasi ya Peters mwaka 2007. Mwaka huohuo kichochoro kilitandikwa upya kikawa cha waendao kwa miguu, na maneno ya waandishi, Maya Angelou na John Steinbeck miongoni mwao, yakachongwa kwenye mabamba ya chini. Kinaunganisha Columbus na mtaa wa Wachina, kwa hiyo wengi wanaoyakanyaga wametoka sokoni na mifuko ya mboga.

Wakati huo duka lilikuwa limeshalitwaa jengo zima, na kile kilichokosekana mwaka 1955 kilikuwa kimepatikana, chumba cha jioni. Kiko ghorofani, unapanda ngazi nyembamba ya mbao. Mchana ni chumba cha mashairi, rafu kutoka sakafuni hadi juu. Siku ya usomaji hupangwa viti vya kukunja, mwandishi husimama mbele ya rafu, husoma, huulizwa, kisha hukaa mezani kusaini. Waliochelewa hukaa kwenye ngazi. Anaweza kuwa mtu mwenye tuzo tatu au kijana wa mtaa wa pili mwenye kitabu chake cha kwanza. Viti ni vilevile.

Machi 2020 mlango ulifungwa kwa sababu ya korona. Wafanyakazi waliendelea kulipwa, mauzo hayakuwepo, na Aprili Katzenberger alieleza hadharani kwamba duka halitamudu muda mrefu. Likaombwa mchango wa dola 300,000. Zilitimia kwa siku chache tu na kupita. Jioni za kusoma zikahamia kwenye intaneti, zikapata wasikilizaji wa nchi ambazo hazikuwahi kufikiriwa.

Ferlinghetti aliona yote hayo. Alikuwa ametimiza miaka 100 Machi 24, 2019, mji ukaipa siku hiyo jina lake. Alifariki Februari 22, 2021, mwezi mmoja kabla ya kutimiza 102. Usiku watu walikusanyika kichochoroni na mishumaa, barakoa usoni, wakasoma mashairi yake kwa zamu.

Miaka 70 ilipotimia, tuzo ya heshima ya National Book Foundation kwa utumishi wa fasihi ilikwenda kwa Paul Yamazaki. Ni tuzo ileile aliyopewa Ferlinghetti mwaka 2005, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Wa kwanza alikuwa mshairi na mchapishaji, huyu ni mtu aliyeanza kwa kufungua maboksi.

Saa za kufunga hazifiki tena usiku wa manane kama zamani. Ghorofani, katika chumba cha mashairi, kuna kiti cha kubembea kando ya dirisha, na hapa na pale ndani ya duka vibao alivyoviandika Ferlinghetti kwa mkono bado vimebandikwa. Kimoja kinamwambia mteja akae chini asome.